Jumuiya yetu hupungua kila Desemba: tuingieje Majilio pamoja?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo hapa Moshi mjini, kaya kama ishirini. Kila mwaka Majilio, majuma yale ya kujiandaa kwa Krismasi, yanatupita hivihivi. Novemba watu wamebanwa na kipaimara na harusi, Desemba wageni wanaanza kuingia, na kwenye jumuiya tunabaki akina mama watano na watoto. Mwaka huu nataka tujiandae pamoja, siyo kila mtu kivyake. Wenzangu wanashauri tukutane mara tatu kwa wiki na asiyefika alipe faini. Pia tuna nyumba za ndoa mchanganyiko, upande mmoja Walutheri wa KKKT, nao wanauliza kama wanaweza kusali nasi. Tufanyeje?

JIBU: Milele na milele, amina, mama mwenyekiti.

Nianze na hizo siku tatu kwa wiki: msiziongeze. Jumuiya inayopata watu watano kwa siku moja haitapata kumi na tano kwa siku tatu. Itapata walewale watano, tena wamechoka. Nimefundisha liturujia kwa makatekista na viongozi wa jumuiya, Moshi na Arusha, na kila Novemba naona Majilio yakipokelewa kama mradi: kamati, ratiba, mchango, sare mpya za kwaya. Wakati huohuo sala zenyewe za kipindi, ambazo Kanisa limezitunza karne na karne, zimelala kitabuni na hakuna anayezifungua. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: punguzeni mnayoyafanya, na hayo machache mtakayobakiza myasali pamoja, kwa sauti, kwa maneno ya kipindi chenyewe.

Mwaka huu wa 2026 Jumapili ya kwanza ya Majilio ni tarehe 29 Novemba. (Kanuni ni Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, ndiyo maana haitangulii tarehe 27 Novemba wala haivuki 3 Desemba.) Wengi hawajui kwamba Majilio hayaanzi Jumapili asubuhi kwenye Misa. Yanaanza Jumamosi jioni, kwa Masifu ya Jioni ya kwanza, yaani ile sala ya Kanisa ya jioni yenye zaburi. Hiyo ni nafasi yenu kabisa. Kama jumuiya yenu husali Jumamosi alfajiri kama nyingi za hapa mjini, wiki hiyo moja hamisheni muda: Jumamosi tarehe 28, saa 12 jioni, nyumba moja, kaya zote. Watangazieni wiki moja kabla, Jumapili ya Kristo Mfalme, tarehe 22, mlangoni mwa kanisa watu wanapotoka, uso kwa uso. Ujumbe wa simu kwenye kundi la jumuiya watu husoma, wakaweka alama ya mikono miwili, wakasahau.

Jioni hiyo isizidi dakika thelathini. Najua mazoea yetu: rozari nzima, somo, tafakari ya kila aliyepo, matangazo, michango, kisha chai. Mtu akitoka kazini anahesabu saa mbili, anaamua kwenda kulala. Fanyeni hivi. Wimbo mmoja wa Majilio, beti mbili tu. Kisha zaburi. Majilio haya yanafungua Mwaka B katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, na zaburi ya Jumapili ya kwanza ni ya 80, ile inayomsihi Mchungaji wa Israeli aje kutuokoa. Msimpe mtu mmoja aisome huku wengine wanasinzia. Gawanyeni chumba pande mbili, walio upande wa dirisha na walio upande wa mlango. Upande mmoja usome mstari, mwingine ujibu. Mara ya kwanza watagongana, kuna watakaokimbia na watakaovuta. Mwenyekiti atulie, asiwakatize. Wakifika mstari wa sita au wa saba mtasikia wamepata mwendo, na hapo hata mtoto wa darasa la tatu anasoma kwa sauti. Kusali zaburi kwa pande mbili kuna faida moja ambayo rozari ya haraka haina: lazima umsikilize mwenzako amalize ndipo uanze.

Baada ya zaburi, somo moja. Injili ya Jumapili hiyo ni Marko 13:33–37, bwana wa nyumba anayesafiri na kumwachia bawabu amri ya kukesha. Yesu anazitaja zamu za usiku moja baada ya nyingine: jioni, usiku wa manane, jogoo anapowika, asubuhi. Katika jumuiya nyingi za mjini yupo baba mmoja anayefanya kazi ya ulinzi, na kwa kawaida ndiye asiyekuja, kwa kuwa zamu inamkwamisha. Mwombeni yeye asome somo hilo, na kama anapenda aseme usiku ule mgumu kwake huanza saa ngapi. Sina haja ya tafakari nyingine. Kisha dakika mbili za kimya cha kweli, simu zimezimwa, halafu wote simameni muimbe Wimbo wa Maria kutoka Luka 1, maombi matatu manne mafupi, Baba Yetu, kwisha.

Na mwenyeji asipike. Hili nalisisitiza kuliko mambo mengi ya kiroho niliyoandika hapa. Chai na maandazi vimeanza kama ukarimu, vikageuka mashindano; nyumba hii imetoa maandazi, ile sambusa, ya tatu imeongeza soda. Matokeo yake mjane mwenye vikombe vinne na benchi moja anakwepa zamu yake mwaka mzima, halafu tunasema amepoa kiimani. Kwa Majilio yote mpitishe azimio: maji ya kunywa tu, na kila mtu aje na kiti chake kama nyumba ni ndogo. Kisha mwanze zamu kwa nyumba ambayo haijawahi kuwapokea. Vilevile daftari la michango lisifunguliwe kwenye sala hizo. Michango ya harusi na ya pango la Krismasi itafutiwe siku nyingine, vinginevyo anayedaiwa hatakuja, na anayedaiwa ndiye hasa mnayemtaka.

Kwa wiki zinazofuata mnabaki na siku yenu moja ileile. Ninachopendekeza ni kwamba angalau mara moja msali alfajiri kabla ya mapambazuko. Kanisa lina desturi ya zamani ya Misa ya Majilio inayoadhimishwa gizani kwa mwanga wa mishumaa, kwa heshima ya Bikira Maria, na jina lake la Kilatini, Rorate, limetoka Isaya 45:8, "Dondokeni, enyi mbingu, toka juu." Mkulima wa Moshi anayeangalia mawingu ya vuli Novemba na Desemba huo mstari haelezwi. Kama paroko atakubali kuwasomea Misa hiyo, vizuri sana. Asipoweza, jumuiya isali Masifu ya Asubuhi yenyewe. Mwezi huo jua huchomoza hapa kama saa 12 na robo, kwa hiyo mkianza saa 11 na nusu mtaanza kwa mishumaa na kumaliza mkiwa mnaonana sura. Akina mama wasitembee mmojammoja gizani. Pangeni nani anampitia nani. Siku nzuri ya kufanya hivyo ni Jumatano tarehe 9 Desemba. Ni sikukuu ya Uhuru, wengi hawaendi kazini, na inafuata siku moja baada ya sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili.

Mtauliza kuhusu taji la Majilio, maana siku hizi kila parokia ina lake. Ni kitu kizuri, lakini si lazima, wala halina rangi zilizoamriwa mbinguni. Lilianza Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, kwa mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto wa maskini. Watoto walimsumbua kila siku kwa swali la Krismasi ni lini, akatundika gurudumu lenye mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za wiki, wajihesabie wenyewe. Kwenu sinia, udongo mbichi kidogo, matawi mabichi na mishumaa minne ya dukani vinatosha. Mkipata mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu, sawa. Mkikosa, minne myeupe inaangaza vilevile. Watoto wa Utoto Mtakatifu, kile kikundi chao cha parokia, wapewe kazi ya kuwasha mshumaa, kila wiki mtoto mwingine, na asiwe yuleyule mtoto wa mwenyekiti.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo nawaombeni mlitumie kwa uangalifu. Nimeona taji lililopambwa kwa majani ya isale. Kwa macho linapendeza, lakini sikulifurahia. Isale kwa Wachagga si pambo. Linapandwa mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na penye makaburi, na mtu aliyekosa akimpelekea aliyemkosea jani la isale lililofungwa fundo, ameomba msamaha kwa namna ambayo ni vigumu sana kuikataa. Sasa, Majilio ni kipindi cha kutengeneza njia, na Jumapili ya pili Yohane Mbatizaji anasimama nyikani akihubiri ubatizo wa toba. Ikiwa ndani ya jumuiya yenu kuna nyumba mbili zilizogombana, kwa mpaka, kwa deni la kikoba, kwa maneno ya kwenye kamati ya harusi, na mkaweza kuwafikisha mahali pa kupeana isale kabla ya Jumapili hiyo, basi jani hilo likae katikati ya taji mpaka Krismasi, na kila mtu atajua limefikaje. Kama hakuna aliyepatana na mwenzake, tumieni misonobari.

Upatanisho huo wa majirani hauchukui nafasi ya sakramenti, ila unaitayarisha. Mnajua foleni ya kitubio ya tarehe 23 na 24 ilivyo: padri mmoja, watu mia, wenyeji na wageni wamechanganyika, kila mmoja anapata dakika moja na nusu. Mwendee paroko mapema Novemba, umwombe jioni moja ya wiki ya pili ya Majilio kwa ajili ya jumuiya yenu na za jirani kwenye kanda. Mapadri wengi hulikubali ombi la namna hiyo kwa furaha, shida ni kwamba haliletwi. Kwa kujiandaa someni pamoja Luka 3:10–14. Mwaka huu haimo kwenye masomo ya Jumapili, ni ya Mwaka C, lakini hakuna anayewakataza. Makutano wanamuuliza Yohane, tufanye nini basi? Hawaambii wafunge siku nyingi. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya alichoamriwa. Askari asidhulumu mtu. Mwenye duka, bodaboda, mwalimu wa tuisheni na mwenye nyumba za kupangisha, kila mmoja akae kimya na swali lilelile kwa kazi yake. Hakuna haja ya kujibu kwa sauti, na tafadhali asiwepo wa kumjibia jirani.

Kuhusu ndugu wa KKKT: ndiyo, karibisheni, tena bila woga. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya ekumene ya mwaka 1964, namba 8, unasema sala ya pamoja ya Wakristo waliotengana inaruhusiwa na hata inatamanika. Jambo lisilochanganywa ni Ekaristi, na hilo wenyewe wanalielewa. Pale nyumbani hamadhimishi Misa. Mlima wetu uligawanywa na historia tu. Wamisionari Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walianzia Kilema, wale Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na mpaka leo ukitaja tarafa mtu anakisia dhehebu. Ndoa ndizo zilizovuka mipaka hiyo. Zaburi, Isaya na Wimbo wa Maria ni vya wote. Martin Luther mwenyewe aliandika ufafanuzi wa Wimbo wa Maria mwaka 1521, kwa hiyo mkiuimba, mgeni wenu hajatoka kwao. Litakalotofautiana ni masomo ya Jumapili, kwa kuwa KKKT ina kalenda yake. Muulizeni mmoja wao kwao wanasoma nini wiki hiyo, na wiki moja kati ya zile nne msome la kwao. Rozari iwekeni kabla ya muda uliotangazwa, wanaotaka waje mapema, ili asiwepo anayekaa kama mtazamaji. Na nyumba ya ndoa mchanganyiko iwe mojawapo ya nyumba za kusalia. Nyumba hizo huwa zinarukwa kimyakimya.

Harusi sitazisemea sana. Sheria ya Kanisa haikatazi ndoa wakati wa Majilio, ila wanaofunga ndoa wakumbushwe kwamba ni kipindi cha kujinyima, na maua ya altare na kinanda viwe vya kiasi. Kama kuna ndoa ndani ya jumuiya, muwaingize bibi na bwana harusi kwenye maombi ya wiki hiyo na mwende zenu. Kwaya ndiyo inayonitia shaka zaidi. Mazoezi ya nyimbo za Noeli Novemba ni ya lazima, nyimbo za sauti nne hazijifunzwi usiku mmoja. Lakini kuziimba kwenye sala ya tarehe 5 Desemba ni kuwanyima watu hamu. Wimbo wa Utukufu kwa Mungu hauimbwi Jumapili za Majilio kwa makusudi, ili usikike upya usiku wa Krismasi. Aleluya inabaki, watu wasichanganye na Kwaresima.

Sasa tarehe 17 Desemba, Alhamisi. Hapo Majilio yanabadilika. Mpaka tarehe 16 masomo yanaelekeza zaidi ujio wa Kristo mwisho wa nyakati. Kuanzia 17 yanageukia kuzaliwa kwake. Na kuanzia siku hiyo hadi 23, kwenye Masifu ya Jioni, Wimbo wa Maria unatanguliwa na zile antifona kuu saba, mistari mifupi ya kufungulia wimbo, kila jioni moja, kila moja ikimwita Kristo kwa jina jingine: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa mataifa, Ee Emanueli. Zote zinaishia kwa kumsihi aje. Huu ndio wakati mmoja ambapo nitawaruhusu mkutane kila siku, kwa kuwa ni jioni saba, kila moja dakika kumi na tano, na mnayo sababu ya kipekee ya hapa Kilimanjaro. Ndizo jioni ambazo mabasi ya kutoka Dar yanaingia yamejaa. Jumuiya inayokutana mara moja kwa wiki haiwaoni wageni kabisa. Wanafika Jumapili, wanakula, wanaondoka. Inayokutana kwa dakika kumi na tano kila jioni inawapata kwenye nyumba walizofikia, hata kama ni kwa jioni mbili tu. Shule zimefungwa, kwa hiyo watoto wajifunze antifona moja moja kwa moyo, waiseme wao, na wajukuu waliotoka mjini wafundishwe na wenzao wa hapa. Nyumba saba, jina moja kwa kila nyumba. Kijana akirudi baada ya miaka mitatu akakuta kwao ndiko kumepangiwa "Ee Ufunguo wa Daudi," ataingia ndani hata kama alikuwa anaelekea kwenye nyama choma.

Baba na mama wa kanda wenye magari wasiache kuwafuata wagonjwa jioni hizo. Mzee asiyetoka kitandani asihesabiwe kuwa hayupo; jioni moja kati ya hizo saba iwe chumbani kwake, watu sita wakae, wengine wasimame uani chini ya dirisha.

Pango likiulizwa, lijengeni mapema mkitaka, ila Mtoto asilazwe humo kabla ya usiku wa tarehe 24.

Limebaki la faini. Mwaka 380 sinodi ya maaskofu huko Zaragoza, Hispania, iliagiza kwamba kuanzia tarehe 17 Desemba hadi Epifania asiwepo wa kukosekana kanisani, wala wa kujificha nyumbani, wala wa kwenda shambani au milimani. Kwa hiyo tatizo lako, mama, lina zaidi ya miaka 1,600, na hata milima imo. Lakini wale walikuwa maaskofu katika sinodi. Sisi katika jumuiya hatuna mamlaka hayo, na jumuiya ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976 zilikusudiwa ziwe Kanisa la majirani wanaofahamiana. Anayetozwa elfu mbili kwa kutokuja, wiki ya pili anadaiwa elfu nne, ya tatu anabadili njia akikuona. Gawaneni kaya ishirini hizo kwa wale akina mama watano: kila mmoja kaya nne, azipitie kabla ya tarehe 28, abishe hodi, aulize saa ngapi inawafaa na kama kuna mgonjwa. Majibu ya saa ndiyo yatakayowaambia mkutane jioni au alfajiri, si mimi. Na kama faini ilishatangazwa, ifuteni hadharani Jumapili ya Kristo Mfalme, pamoja na madeni ya nyuma, maana wasiokuja hawatajua kwamba imefutwa mpaka mtu awaambie.